Kadi Moja, Wageni wa Aina Mbili: Tathmini ya Bima ya Afya ya Wafanyakazi wa Kigeni Jijini Arusha

Katika mikataba mingi ya ajira ambayo watu waliotoka nje ya nchi husaini hapa Arusha, huwa kuna mstari mmoja unaosema kwamba mwajiri atampatia mwajiriwa bima ya afya, na mara nyingi habari huishia hapo. Mstari huo hausemi ni bima ya namna gani, inatumika katika hospitali zipi, inawahusu mwenzi na watoto au hapana, wala inakoma lini. Ninayoieleza hapa ni bima ambayo mwajiri wetu amewakatia wafanyakazi wake wa kigeni, mpango unaouzwa na madalali wa bima wa mjini kwa jina la bima ya kimataifa. Kampuni iliyotuuzia sitaitaja, kwa kuwa mipango ya aina hii inauzwa na kampuni zaidi ya moja na masharti yake yanakaribiana sana.

Kampuni ninayofanyia kazi ni ya utalii. Ofisi na karakana yetu ziko mjini, na kambi ziko Serengeti. Wafanyakazi wa kigeni tulio nao si wengi, lakini wanatofautiana: meneja wa kambi ametoka Afrika Kusini, rubani wa puto ametoka Ulaya, fundi mkuu wa magari ametoka Kenya, mhasibu ametoka Uganda, na mpishi ni Mhindi aliyepata kufanya kazi Dubai. Mimi ndiye ninayeshughulikia masuala ya wafanyakazi, kwa hiyo kadi ikigoma hospitalini, simu huja kwangu. Hukumu yangu ni kwamba bima hii ni nzuri kwa mgeni mwenye akiba aliyekuja na familia yake, na ni dhaifu kwa mgeni aliyevuka mpaka peke yake kutafuta riziki, ingawa wote wawili hubeba kadi ya rangi moja na mwajiri huwalipia kwa jedwali moja la ada.

Kwanza muundo wake, kwa sababu mengi yanayofuata yanatokana na huo. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 inataka bima za humu nchini zikatwe kwa kampuni zilizosajiliwa humu nchini, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Hivyo hati tuliyonayo imetolewa na kampuni ya hapa, lakini sehemu kubwa ya hatari imebebwa na kampuni za nje, na uamuzi wa kila siku kuhusu nani alazwe wapi na kwa gharama gani hufanywa na ofisi ya huduma iliyoko Ulaya. Kwenye karatasi huo ni mpangilio wa kawaida. Usiku wa manane, mgonjwa akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu huku karani akingoja barua ya dhamana, yaani ahadi ya bima kwamba italipa, kutoka kwa watu ambao hawajui Njiro yetu ya Arusha iko upande gani wa Afrika, mpangilio huo huonekana kwa sura nyingine.

Arusha na Moshi hazina ukame wa hospitali. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 pale Moshi, ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini nzima. Arusha ina hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mount Meru, ina Arusha Lutheran Medical Centre, ina St. Elizabeth, na ina hospitali kadhaa za binafsi ambazo wageni wamezizoea. Kijitabu cha bima nacho kinajivunia maelfu ya hospitali duniani kote. Kinachopaswa kuulizwa ni hospitali ngapi kati ya hizo, ndani ya mikoa hii miwili, zinalipwa moja kwa moja na bima, na ngapi zimeorodheshwa tu kwa maana kwamba mgonjwa akitibiwa huko kwa fedha zake atakubaliwa kudai marejesho. Kijitabu kimezichanganya hizo mbili katika orodha moja, na nililazimika kumwandikia dalali barua zaidi ya moja kabla ya kupata orodha iliyotenganishwa. Ilipokuja, zile zinazolipwa moja kwa moja kwa mgonjwa asiyelazwa zilikuwa chache mno, na kwa upande wa Moshi hapakuwa na hata moja.

Matokeo yake yalionekana siku fundi wetu alipopata homa kali akaenda hospitali moja ya binafsi iliyo karibu na anapoishi. Pale kwenye dirisha la bima aliambiwa kwa upole, “Kaka, kadi hii kwetu haisomi. Lipa taslimu, watu wako wa bima watakurudishia.” Hakuwa na fedha za kutosha, kwa kuwa sehemu kubwa ya mshahara wake huituma nyumbani kila mwisho wa mwezi, na ilibidi wenzake wa karakana wamchangie kwa simu. Meneja wa kambi alipopatwa na jambo kama hilo katika mwezi huohuo, alitoa kadi yake ya benki, akalipa, akatuma risiti na kuendelea na shughuli zake. Mtu akiwauliza hao wawili kuhusu bima yao, atapata majibu ambayo hayaonekani kuhusu kitu kimoja.

Lakini suala la kulipa kwanza si baya kama lile la kianzio, yaani kiasi ambacho mgonjwa hukibeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Katika mpango wetu kiasi hicho kilikuwa dola 50 kwa kila ugonjwa mpya kwa mgonjwa asiyelazwa. Aliyeweka kiwango hicho bila shaka alikuwa akifikiria bei za Ulaya, ambako kumwona daktari tu kunaweza kuzidi hapo. Hapa Arusha, kumwona daktari, kupima malaria na mkojo, na kupewa dawa za siku chache mara nyingi hakufiki dola 50. Kwa hiyo yale magonjwa ambayo mtu huugua kweli, homa, tumbo, kifua cha msimu wa baridi ya Juni na Julai, yote huangukia chini ya kianzio, na mgonjwa hulipa yote mwenyewe ingawa ana bima. Ndiyo maana limetokea jambo ambalo mwajiri wetu hakulitarajia: wageni walianza kuwaonea wivu wafanyakazi wetu Watanzania, ambao wako katika mpango wa kikundi wa kampuni ya hapa nchini wenye ada ndogo zaidi, kwa kuwa wale wakifika dirishani kadi yao husoma, hutibiwa na kuondoka bila kutoa shilingi hadi wafikie kikomo chao cha mwaka.

Upande ambao mpango huu unastahili sifa, tena bila kusitasita, ni uokoaji. Meneja wa kambi alishikwa na maumivu makali ya kifua asubuhi akiwa kambini, mbali na hospitali yoyote yenye vifaa vya moyo. Namba ya dharura ilipopigwa ilipokelewa mara moja, maswali yalikuwa machache na ya maana, na ndege yenye daktari na muuguzi ilitumwa kutoka Nairobi kabla ya mchana. Uwanja wa Wilson jijini humo ndio kitovu cha huduma hizi kwa ukanda wetu. Madaktari wa ndege wa AMREF wamekuwa katika kazi hiyo tangu mwaka 1957. Mgonjwa alilazwa Nairobi, akatibiwa, na ankara hakuiona. Safari ya ndege ya aina hiyo pamoja na kulazwa katika chumba cha uangalizi maalumu ingemfilisi mfanyakazi wa ngazi yoyote, na ingeitikisa hata kampuni ndogo. Mwajiri yeyote mwenye watu hifadhini hana budi kununua huduma hii, kwa wageni na kwa wenyeji pia. Jambo la pembeni ambalo bima haiwezi kulitatua ni kwamba ndege hizi haziwezi kutua usiku katika viwanja vya changarawe vya hifadhini, kwa hiyo anayeugua baada ya jua kuzama atangoja mapambazuko hata akiwa na hati ya thamani gani.

Wanaoajiri watu wa milimani wasome kipengele cha mwinuko. Hati yetu haiwahusu waliozidi mita 4,500 juu ya usawa wa bahari isipokuwa nyongeza ilipiwe. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895, na hata kilele cha Meru kinaupita mpaka huo.

Sasa kuna jambo ambalo dalali hakulieleza, na ambalo kila mwajiri anapaswa kulijua kabla ya kuweka sahihi: ajali na magonjwa yanayotokana na kazi hayamo katika mpango huu. Si hila, kwa kuwa Tanzania Bara inao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi Julai 2015, ambao mwajiri peke yake ndiye anayeuchangia, na tangu mwaka wa fedha 2022/23 mwajiri wa sekta binafsi huchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Mfuko huo haubagui pasipoti. Fundi wetu aliponaswa vidole na mkanda wa injini, kampuni ya bima ilikataa ankara kwa barua ya mistari mitatu, lakini WCF ndiyo iliyobeba matibabu yake na sehemu ya mshahara kwa muda ambao hakuweza kushika spana. Ninachoilaumu kampuni ya bima ni kukificha kipengele hicho katika kurasa za mwisho kwa herufi ndogo. Ninachowalaumu baadhi ya waajiri wenzetu ni kibaya zaidi, maana wapo wanaopeleka WCF mishahara ya Watanzania tu, wakidhani kwamba wageni wana bima yao ya kimataifa. Mfanyakazi wa namna hiyo akiumia kazini hukuta kila upande unamwelekeza kwa mwenzake, na wa kumlipa hayupo.

Kuhusu familia, mpango unasema kwamba mwenzi na watoto wanaweza kuandikishwa kuwa wategemezi mradi wanaishi katika nchi ileile anayofanyia kazi mwenye bima. Meneja amemleta mkewe Arusha, wanaishi pamoja, na wote wana kadi. Fundi amemwacha mkewe na watoto Kajiado, mwendo wa saa chache tu kwa basi kupitia Namanga, na hao hawana chochote katika mpango huu. Ukimwuliza dalali atakujibu kwamba sharti ni moja kwa wote, na hapo hasemi uongo. Hata hivyo, sharti hilo linawapendelea wale ambao mwajiri aliwalipia nyumba na karo ya shule ili waje na familia zao, na linawaacha wale ambao mshahara wao unatosha kuishi chumba kimoja hapa na kusomesha watoto kule.

Fundi huyo hawezi kusema kwamba familia yake itabebwa na bima ya nchini kwake kupitia ajira yake. Kenya ilianza kutumia Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) tarehe 1 Oktoba 2024 badala ya mfuko wa zamani, na mwajiriwa wa kule hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake ghafi. Yeye hana mwajiri Kenya wa kumkata, kwa hiyo kaya yake hupimwa uwezo kama kaya za watu wasio na ajira rasmi na hutakiwa kulipa mchango wa mwaka. Hulipia huko familia isipate shida, na hapa hubeba kadi isiyosoma. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa mfanyakazi kutoka nchi mwanachama haki ya mafao ya hifadhi ya jamii kama wafanyakazi wa nchi aliyoifikia, na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe yapo hapahapa Arusha. Lakini itifaki si hati ya bima, na karani wa dirishani haisomi.

Mpishi wetu hulinganisha kila kitu na Dubai, wakati mwingine hadi kuchosha, ila katika hili ana hoja. Kule sheria namba 11 ya mwaka 2013 inamtaka mwajiri amkatie mfanyakazi bima na agharimie mwenyewe bila kumkata mshahara, na mfanyakazi anajua tangu siku ya kwanza kiwango cha chini cha huduma anachostahili. Familia huko pia huachiwa yule aliyeidhamini, kwa hiyo si pepo. Tofauti ni kwamba pale mfanyakazi anajua haki yake inaanzia wapi. Kwetu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, lakini tulipokata bima hii, kwa mgeni aliyeajiriwa na kampuni binafsi kama yetu, kilichoamua kilikuwa kile mwajiri alichokubaliana na dalali.

Magonjwa ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kujiunga ni eneo jingine la kuangaliwa. Kikundi kikiwa kikubwa, kampuni za bima huwa tayari kuyapokea bila kuuliza historia ya mtu mmoja mmoja, kwa kuwa hatari imegawanyika kwa wengi. Kwetu walitaka watu wasiopungua 20, na wageni wetu hawafiki idadi hiyo, kama ilivyo kwa kampuni nyingi za utalii za Arusha. Kwa hiyo kila mmoja alijaza fomu ya afya, na rubani, ambaye amekuwa na shinikizo la damu kwa muda mrefu, aliandikiwa kwamba ugonjwa huo na yote yanayotokana nao hautalipiwa. Mhasibu naye aliambiwa angoje miezi kumi kabla fao la uzazi halijaanza, katika kibali cha kazi cha miaka miwili. Niliuliza kwa nini tusiwaunganishe wageni na Watanzania katika kikundi kimoja ili tufike idadi inayotakiwa. Jibu lilikuwa kwamba bidhaa hii ni ya wageni pekee.

Mwisho wa mkataba nao haukupangwa kwa kumfikiria mfanyakazi. Bima hukoma usiku wa siku ya mwisho ya ajira. Aliyelazwa siku hiyo hulipiwa hadi atoke, jambo ambalo ni la kupongezwa, lakini aliye katikati ya matibabu ya nje hukatwa papo hapo. Ipo nafasi ya kuendelea kwa kujilipia ndani ya siku 30 bila kuulizwa upya historia ya afya, na rubani aliyemtangulia huyu wa sasa aliitumia. Kwa ada iliyotajwa, fundi au mpishi hawezi hata kuifikiria.

Huduma ya madai, kwa haki, si mbaya. Risiti za EFD (zile za mashine ya kodi) zikiwa kamili na ripoti ya daktari ikiwa imeandikwa vizuri, marejesho huingia benki ndani ya wiki chache, na dai likikataliwa sababu hutajwa. Tulipotofautiana nao kuhusu ankara moja ya vipimo, nilitaja kwamba tungepeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ankara ikalipwa kabla sijaandika barua ya pili.

Kuhusu bei, kwa kila mgeni tunalipa zaidi ya mara tatu ya ada ya mfanyakazi Mtanzania. Kwa meneja na rubani fedha hizo zina maana, kwa sababu kinachowasumbua ni ugonjwa mkubwa wa ghafla na uwezekano wa kutibiwa kwao. Kwa wafanyakazi wa Afrika Mashariki na kwa mpishi, tulikuwa tukinunua kikomo kikubwa ambacho hakuna atakayekikaribia, huku tukiwaacha bila msaada katika homa ya Jumatatu. Ushauri wangu kwa mwajiri wa Arusha au Moshi mwenye wageni wachache ni kwamba asinunue mpango huu kwa wote kwa sababu tu pasipoti zao si za Tanzania. Adai orodha ya hospitali zinazolipwa moja kwa moja mkoani kwake kwa maandishi, aulize kianzio kwa shilingi na akilinganishe na bei ya dirishani, na amwulize kila mfanyakazi familia yake inalala wapi.

Wakati wa kuhuisha hati tuliomba mambo matatu. Kianzio kimeondolewa kwa matibabu yanayofanyika Tanzania, kwa nyongeza ndogo ya ada. Hospitali zinazolipwa moja kwa moja zimeongezwa, na safari hii imo ya Moshi. Ombi la tatu, la kuwaandikisha wategemezi walioko ng'ambo ya mpaka, limekataliwa. Kwa hiyo fundi na mhasibu wamehamishiwa katika mpango wa kikundi wa Watanzania, wenye nyongeza ya Afrika Mashariki inayoruhusu wategemezi wao kulazwa katika hospitali zilizoorodheshwa za Nairobi na Kampala, na uokoaji wa ndege tumewanunulia kando. Mpishi ameomba apewe muda wa kufikiri. Meneja na rubani wamebaki na kadi ya zamani.